Koleta na Hotuba ya Gemu

Koleta Mrutu hajawahi kumdharau mtu kwa siri. Akikudharau utajua mwenyewe, na jirani zako watajua, na mbwa wako atajua. Kijiji kizima cha Bombo, juu milimani Upare, kinamfahamu hivyo: mwanamke mfupi, mkavu, mwenye shamba la tangawizi na maharage kwenye mteremko ambao mgeni hawezi kusimama bila kushika kitu. Mumewe, Tumainieli, ni mtu wa kusikiliza. Alitambua mapema kwamba nyumba moja haihitaji wasemaji wawili.

Watu wa tambarare husema Mpare atauza ng'ombe wawili kwa kesi ya mbuzi mmoja. Koleta huwajibu kwamba ng'ombe wengine watazaliwa, lakini haki ikishaliwa hairudi zizini. Na haya si maneno ya mdomoni tu. Kule milimani maji ya mto hukusanywa kwenye bwawa la jadi, ndiva, kisha hufunguliwa kwa zamu: leo shamba lako, kesho la mwenzako. Mwaka mmoja wa ukame jirani yake alifungulia maji katika zamu ya Koleta. Koleta alimshitaki kwa wazee wa ndiva, jirani akabisha. Akampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, akabisha. Akampeleka baraza la kata. Kote huko alikwenda kwa miguu, amejifunga kitenge kimoja ambacho mpaka leo watoto wake wanakiita kitenge cha kesi. Alishinda. Jirani alitoa mbuzi, mbuzi akaliwa na wazee, na Koleta hakuonja hata mchuzi.

"Sikushitaki kwa ajili ya nyama," alisema, akaondoka.

Mtoto wake wa mwisho, Anold, ndiye pekee aliyefika kidato cha nne. Shule aliyopangiwa ilikuwa chini, Same mjini, na Koleta alimpeleka kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari asiyemwamini. Aliudharau mji ule tangu stendi. Vumbi lake huamka kabla ya watu. Wakazi wake huitazama milima yenye mito asubuhi na jioni, kisha hupanga ndoo kwenye bomba linalokohoa. Alimpangishia kijana chumba nyuma ya shule pamoja na wenzake, akamwachia gunia la magimbi na wosia mmoja.

"Soma vitabu vyao, ukimaliza upande kurudi nyumbani. Tabia zao waachie wenyewe."

Anold alisoma. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono mikubwa ya kazi, na shida yake kubwa mjini ilikuwa ile ile ya kila mtu: maji. Bomba la shule lilitoa maji asubuhi chache kwa wiki, na siku linapoyatoa foleni ya ndoo ilizunguka jengo la maabara. Asubuhi moja kijana wa darasa lao aitwaye Rodgers aliisogeza ndoo ya Anold kwa mguu, akaweka yake. Anold aliirudisha. Rodgers akaisogeza tena, akacheka. Anold akainua ndoo yake, tupu lakini yenye mshikio wa chuma, akampiga nayo usoni.

Rodgers alishonwa juu ya jicho. Kule Bombo swali la kwanza lingekuwa nani aliruka zamu. Hapa waliuliza tu nani amepiga.

Mkuu wa shule, Madam Ernesta, ni mwanamke mwenye sauti laini na maamuzi ya haraka. Alisema Anold atafukuzwa, na jina lake litatangazwa kwenye kikao cha wazazi mwezi ujao. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayefukuzwa wakati kama ule miaka yake minne imekwenda na maji, tena maji ya wenyewe.

Hapo ndipo akaingia Mwalimu Rodrick.

Kila shule ina mwalimu wa hotuba, na shule hii ilikuwa na Rodrick. Somo lake lilikuwa Uraia, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika maneno ambayo mwanafunzi atayasoma mbele ya mgeni rasmi huku yeye amesimama pembeni, mikono nyuma, akitikisa midomo. Mwaka ule alichagua kichwa hiki: Ukatili katika Michezo ya Video na Athari Zake kwa Kijana wa Kitanzania. Usidhani alikuwa na uchungu na vijana. Mwaka uliotangulia hotuba ilihusu maji. Mgeni rasmi, mfanyabiashara wa saruji aliyesoma hapo zamani, alisimama akaahidi pampu. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na pampu haikuja. Sasa mgeni alikuwa yule yule, maana shule haikuwa na mwingine, na huwezi kumvalisha mtu shada la maua huku unamdai. Ilitakiwa changamoto isiyohitaji bomba. Gemu zilifaa. Gemu hazina mwenyewe kwenye meza kuu.

Hotuba yenyewe ilijaa kama debe la pumba. Ilianza na utandawazi, ikaja mmomonyoko wa maadili, ikafuata wimbi la teknolojia, kisha utandawazi ukarudi tena kana kwamba ulisahau kofia. Wataalamu walibaini hiki, wataalamu walibaini kile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Mmomonyoko Rodrick aliujua kwa kuusoma. Hajawahi kuamka akakuta nusu ya shamba lake imeshuka kwa jirani wakati wa mvua.

Kasoro aliyoiona mwenyewe ilikuwa moja. Wazazi wengi wa shule ile walikuwa Wapare, na ukiwaambia Wapare kwamba kitu fulani kinaharibu watoto watakuuliza kimemharibu mtoto gani, na yuko wapi wamwone. Hotuba ilihitaji shahidi. Wiki moja hivi kabla ya kikao Rodrick alimwita Anold nyuma ya ofisi ya walimu.

"Wewe unapenda gemu, siyo?"

"Sijawahi kucheza, Mwalimu."

"Sijakuuliza kama umecheza. Nimekuuliza unapenda."

"Sizijui."

"Basi utazijua." Rodrick alishusha sauti, akamwekea mkono begani. "Nisikilize, kijana. Mtoto mkorofi anafukuzwa. Mtoto aliyeathirika anasaidiwa. Ulipompiga Rodgers hukuwa wewe, ilikuwa gemu iliyokuingia kichwani. Utasimama, utasoma, utawaomba wazazi msamaha, na Mkuu atakuacha ufanye mtihani. Nimeshaongea naye."

"Lakini aliruka zamu, Mwalimu. Kwenye maji."

"Neno maji," alisema Rodrick, "siku hiyo usilitamke hata ukipaliwa. Na mama yako asijue lolote. Mama yako akiongea Bombo, mimi namsikia hapa."

Jioni ile ile alimpeleka kwenye banda la gemu karibu na stendi. Hata Rodrick aliona kwamba shahidi asiyejua kushika pedi, kile kidude cha kuchezea, angeumbuka. Mwenye banda ni Jabiri, kijana wa mjini, mtoto wa muuza vitenge, na banda lake ni bati, pazia na runinga nne. Sheria yake moja aliiandika mlangoni kwa chokaa: mwenye sare haingii.

"Ticha, karibu," alisema Jabiri, "lakini dogo abaki nje. Ana sare."

"Vua shati," Rodrick alimwambia Anold.

Kijana akavua, akaingia kifua wazi kama mtu anayekwenda kuoga.

"Tumekuja kufanya utafiti," Rodrick alitangaza.

"Utafiti unalipiwa kama mpira, Ticha. Kaeni hapo."

Ndani, vijana walikuwa wakicheza mpira kwenye runinga zote nne na kubishana kuhusu penalti. Rodrick aliwatazama kwa muda, uso wake ukazidi kusinyaa.

"Ya kuua iko wapi?"

"Ya kuua?"

"Ya kuuana. Yenye damu. Ile inayoharibu watoto."

Jabiri alikuna kichwa, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza. Alitoka na diski moja ya gemu akaipuliza, na vumbi likawarudia wote usoni.

"Kuna hii ya ngumi na mapanga. Tangu niinunue haina wateja. Vijana wanataka mpira. Ngumi wanaziona bure stendi."

Waliiweka. Rodrick alishika pedi ya kwanza, Anold ya pili. Mwalimu alikuwa amejipanga kuonyesha madhara. Anold alibonyeza kitufe kimoja tu, kile kikubwa, akikibonyeza kwa subira kama mtu anayepukuchua mahindi, na kila mara mtu wa Mwalimu akaanguka chali. Vijana waliacha mpira wao wakaja kutazama. Rodrick alifungua kifungo cha shingo. Alisema sasa ameelewa. Akaanguka tena. Akasema mara ya mwisho, akasimama, akaivuta pedi hadi waya ukataka kung'oka.

"Taratibu, Ticha!" Jabiri alipiga kelele. "Hiyo pedi siyo fimbo!"

Wakati wa kurudi Rodrick alitangulia mbele kwa hatua ndefu. Usiku ule hotuba iliongezeka aya nzima juu ya damu inayotapakaa na akili changa zinavyotekwa, na kwa siku zilizofuata Anold aliikariri yote mpaka akawa anaisema usingizini.

Habari hazikuhitaji gari kupanda mlimani. Koleta alizipata sokoni Gonja, kwa mwanamke aliyempa pole yenye sukari nyingi mno. Mwanao, alisema, amempasua mwenzake kwa ajili ya gemu. Koleta hakuuliza gemu ni nini. Alimwachia mume wake ng'ombe na jiko, akajifunga kitenge cha kesi, akashuka kwa gari la kwanza.

Alimkuta Anold chumbani, amesimama mbele ya kipande cha kioo, akimhutubia mgeni rasmi.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako ikae hapo hapo kwanza. Umempiga mtoto wa watu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya picha? Vile vikaragosi vinavyorukaruka kwenye runinga?"

Koleta alitua mzigo wake chini.

"Mimi nimetembea mpaka kata nzima ikanijua kwa ajili ya kitu cha kweli. Wewe unamwaga damu kwa ajili ya vikaragosi! Kaka zako hawakusoma. Wakigombana, wanagombana kwa mpaka, kwa ng'ombe, kwa kitu ambacho ukikipiga teke unaumia kidole. Wewe msomi ndiye umegombania kivuli."

Jibu lilikuwa pale, kwenye ulimi wa Anold, neno moja tu, lile alilokatazwa. Angelitamka, mama yake angemkumbatia kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mdogo. Lakini baada ya kumkumbatia angetoka nje, na kabla jua halijazama mji mzima ungelijua, na mtihani ungekwenda. Anold alikwenda kuwasha jiko. Koleta alimenya magimbi, akayachemsha, akamwekea kwenye sahani bila kumtazama.

Kesho yake kikao kilifanyika kwenye bwalo la chakula. Mgeni rasmi aliwekwa kwenye kiti chenye kitambaa, shada shingoni, chupa ya maji safi mbele yake. Madam Ernesta alikaribisha, kwaya ikaimba, kisha Rodrick, ambaye ndiye aliyeshika kipaza sauti siku ile, akasema shule ina mwanafunzi mwenye ujasiri wa kipekee. Anold akasimama. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na mama yake, kwa hasira, na mistari ya mikono ilikuwa imenyooka kama rula.

Alisoma vizuri. Hilo ndilo lililokuwa la kusikitisha. Utandawazi ulipita, mmomonyoko ukapita, damu ikatapakaa, na mwishoni sauti ikamtetemeka kweli, ingawa si kwa sababu aliyoiandika Rodrick.

"Ndugu mgeni rasmi, mimi ni mfano hai. Gemu ndiyo iliyoinua mkono wangu. Naomba msamaha kwa wazazi wote, na naomba mabanda haya yafungwe."

Makofi yalianzia mbele, walipokaa walimu. Mgeni rasmi aliinamisha kichwa kwa huzuni nzuri, ya mtu ambaye hadaiwi. Madam Ernesta alikuwa tayari amefungua mdomo atangaze kwamba shule imemsamehe. Koleta akasimama.

"Naomba kuuliza."

"Mama, maswali mwisho," alisema Rodrick.

"Mwache aulize!" ilisema sauti ya mzee kutoka nyuma, na nyingine ikadakia, na nyingine. Waliokuwa wakisinzia waliamka. Mtu akiomba kuuliza mbele ya Wapare, hata mwenye njaa husahau chakula.

"Mimi ni mama yake," alisema Koleta, "na sikusimama kumtetea. Amenitia aibu, nataka aibu yenyewe niijue vizuri. Wewe kijana."

"Naam, mama."

"Hiyo gemu ulianza kuicheza lini?"

Rodrick alikuwa amemfundisha hotuba. Hakumfundisha maswali. Na sauti iliyouliza ilikuwa ile aliyoijibu tangu ajue kusema.

"Wiki iliyopita, mama."

"Na mwenzako ulimpiga lini?"

"Mwezi uliopita."

Bwalo lilihesabu kwa vidole. Kisha kicheko kikaanza pembeni kama mvua kwenye bati.

"Kwa hiyo ulipiga kwanza, halafu ndiyo ukafundishwa kupiga?" Koleta hakucheka. "Nani alikupeleka huko?"

"Muda, jamani, tuangalie muda," alisema Rodrick kwenye kipaza sauti.

"Mwalimu Rodrick," alisema Anold.

"Kufanya nini?"

"Utafiti."

"Mlicheza?" aliuliza yule mzee wa nyuma, ambaye hakuwa na mtoto kwenye kesi lakini hakuweza kujizuia.

"Tulicheza, babu."

"Nani alishinda?"

"Mimi."

Sasa hata wapishi waliokuwa mlangoni walishika mbavu. Rodrick alitabasamu kwa mdomo uliokauka. Koleta peke yake alibaki amesimama vile vile, uso haujalegea, maana swali lake lilikuwa bado halijajibiwa.

"Basi mwenzako ulimpigia nini?"

Anold alimtazama Mwalimu. Alimtazama Madam Ernesta, aliyekuwa akitikisa kichwa polepole. Alitazama meza kuu, na ile chupa ya maji. Mwaka wake wote ulikuwa umesimama pale, ukingoja.

"Aliruka zamu, mama."

"Zamu ya nini?"

"Ya maji. Bombani."

Koleta aliketi. Wanaomjua wangekuapia kwamba hawajawahi kumwona akiketi katikati ya shauri. Mikono yake ilishika ukingo wa benchi, na akamtazama mwanawe, yule ambaye jana yake alimchana kwa maneno, kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka garini akamwona.

Bwalo halikumsubiri. "Na ile pampu?" mtu aliuliza. "Ndiyo, pampu iko wapi?" Mgeni rasmi ghafla alikuwa na simu ya muhimu sana. Alitoka akizungumza na mtu ambaye hakuwapo, shada likiwa bado shingoni, na gari lake likasikika likiwaka.

Madam Ernesta alimwita Koleta ofisini, akafunga mlango, akamvutia kiti yeye mwenyewe.

"Mama Anold, tuzungumze kama wazazi."

"Zungumza."

"Mtoto abaki. Afanye mtihani wake. Lakini mambo ya leo yaishie hapa. Mwalimu Rodrick, mgeni wetu, maji, yote."

"Na nisipokubali?"

"Nenda nayo kokote, ni haki yako. Utashinda, mimi siwezi kukudanganya. Lakini ukifungua la kwako itabidi na mimi nifungue la kichwa cha Rodgers, na liende bodi. Bodi haina haraka, mama. Mtihani ndio wenye haraka."

Koleta aligeukia dirisha. Maisha yake yote hajawahi kupata kesi kama ile. Mashahidi walijaa bwalo. Mwongo alikuwa na kipaza sauti mkononi. Shauri lilikuwa la maji, shauri bora kuliko yote, na alijua kila mlango wa kuligongea. Nje ya dirisha aliwaona wazazi wamesimama makundi makundi, hawaondoki, wanamngoja.

"Mwite Rodgers," alisema mwishowe.

Alipokuja, na kovu lake juu ya jicho, Koleta alimwita na Anold. Alimwamuru mwanawe aombe radhi kwa ile ndoo, akamwamuru Rodgers aombe radhi kwa ile zamu. Wote wawili waliomba, wakitazama viatu. Mwalimu Rodrick, aliyechungulia mlangoni kwa matumaini, hakuombwa kitu wala hakupewa.

"Atafanya mtihani," Koleta alimwambia Madam Ernesta, "na mimi nimenyamaza. Lakini usije ukadhani nimekubali."

Nje yule mzee wa nyuma alimpokea na fimbo yake, macho yanawaka kama ya kijana.

"Mama Anold! Tunaanzia wapi? Kata, au tupande moja kwa moja wilayani? Mimi nitasema nilichosikia, neno kwa neno."

"Hatuanzi, mzee."

"Hatu nini?"

"Hatuanzi. Yameisha."

Mzee akawageukia wenzake, wala hakushusha sauti. "Wamemlainisha," alisema. "Mwanamke wa Bombo! Wamempa kiti, akalainika." Watu walianza kutawanyika, na kila aliyepita karibu naye alimpa jicho moja la kando, lile jicho ambalo Koleta alilifahamu vizuri kuliko wote, maana alikuwa amelitumia miaka yote kwa wengine.

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa kali, na lingemfikia mzee kabla hajavuka geti. Alikaza kitenge kiunoni, akalimeza.

"Mama," alisema Anold.

"Kengele imelia."

"Wanakusema vibaya."

"Nimesikia, sina pamba masikioni. Nenda darasani," alisema Koleta. "Na usigeuke nyuma kuniangalia."